Usisogeze Kitanda

Chuoni, 1 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mikindani, na presha yako je? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho taabu. Mtihani wa Kigiriki cha Biblia nimeanguka mara mbili. Nikianguka tena Novemba narudishwa nyumbani, na uchungaji ndio basi. Simu wametunyang'anya hadi mtihani uishe, kwa hiyo niandikie.

Mwalimu ametupa njia: kila neno ulitundike kwenye kitu cha nyumba unayoijua, kisha utembee humo kimawazo. Nimechukua nyumba yetu. Mlangoni nimeweka thura, yaani mlango, kitandani kwako kline, kitanda, kwenye mtungi wa maji jikoni hudor, maji; orodha nzima nimeiambatisha. Najua utanicheka, lakini tafadhali usisogeze kitu. Nikisikia kimesogezwa, neno litanitoka.

Mwanao, Justus

Mikindani, 14 Septemba

Justus mwanangu,

Marahaba. Naendelea, ila mguu wa kushoto umekufa ganzi. Nimecheka kweli. Mwanatatu jirani kaniandikia maneno yako kwenye vikaratasi, tumebandika nyumba nzima mpaka kwenye sufuria. Sasa na mimi nimo darasani.

Alitaka kunivutia kitanda jikoni, karibu na maji, nisiwe natembea kwa kushika ukuta. Nikamkatalia. Nikamwambia hiyo ni kline ya mwanangu, iache.

Mamako

Chuoni, 2 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Pole na mguu, paka ile dawa ya kuchua. Na ahsante sana kwa kumkatalia Mwanatatu. Jana nilipata maneno themanini kwa mia. Vumilia mwezi mmoja na nusu tu, nikija nitakihamisha mwenyewe.

Mwanao, Justus

Mikindani, 20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mkono nao umelegea, Mwanatatu ndiye anayeandika. Kutoka kline hadi hudor ni hatua kumi na nne, napumzika kwenye meza. Kila kitu kiko mahali pake. Usinijibu, soma.

Mamako

Mikindani, 18 Novemba

Mama,

Nimezoea kuanza kwa kukuamkia, basi shikamoo.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Nilifumba macho nikaingia kwa thura, nikapita kline, nikapita meza, nikafika hudor. Sikukosa hata moja. Kumbe wewe ulikuwa umeanguka hapo hapo tangu Jumatatu. Mwanatatu alikukuta kando ya mtungi, umeshakata roho. Majirani na walimu wakanificha hadi nimalize, wakisema wewe mwenyewe ungetaka hivyo.

Nilipofika, vyombo vyote vilikuwa vimetolewa nje kwa ajili ya matanga, watu wamekaa mikekani. Kitanda chako kilikuwa uani, karatasi yake bado imeshika.

Nimefaulu. Mwalimu alisahihisha siku ile ile akanisifu mbele ya wenzangu, na sasa nikikumbuka naona aibu. Ni mimi niliyekuambia usisogeze, mama, na sina wa kumsingizia.

Jana tulirudi kutoka kukuzika bara, kijijini ulikozaliwa. Leo vyombo vimerudishwa ndani, Mwanatatu akaniuliza kitanda kikae wapi. Nimekiweka jikoni, karibu na maji.

Mwanao, Justus