Mkono wa Mwalimu Wilhelmina

Mkolani, Jumanne

Mdogo wangu Venant,

Habari za Nansio? Mihogo ya mama imeshakauka? Mimi nipo, ila nimechoka.

Ile semina ya homa mpya, niliyoidai mpaka magazetini, hatimaye tulipewa. Tulikuwa madaktari arobaini wa zahanati, na vazi la kinga lilikuwa moja, tukalivaa kwa zamu ili tupigwe picha. Nikamwambia mkufunzi, "Ndugu yangu, unatufundisha kuogelea kwa picha ya ziwa." Watu wakacheka. Neno moja nililishika: muulize mgonjwa ametoka wapi kabla hujamgusa.

Wiki iliyopita akaja zahanati kwangu Mwalimu Wilhelmina, yule aliyetufundisha kusoma. Nikampa shikamoo, akaninyooshea mkono. Unamjua, mkono wake hauachwi hewani. Niliupokea kwa mikono yangu miwili, bila glavu, nao ulikuwa wa moto. Ndipo nikakumbuka kuuliza. Alikuwa ametoka kumuuguza dada yake, na huyo dada walikuwa wameshamzika.

Majibu ya Mwalimu yametoka, ni homa hiyohiyo. Yeye yuko wodi ya kutengwa, mimi nimejifungia chumbani. Leo ni siku ya tisa kati ya ishirini na moja, na joto langu bado ni la kawaida. Gladness, muuguzi wangu, ananiachia chakula mlangoni.

Jumapili usimlete mama. Mwambie nimegombana na wakubwa wa wilaya na sitaki kuonana na mtu. Hilo ataliamini bila kuuliza mara mbili.

Dada yako,
Leokadia