Makadirio ya Uzio wa Mama Awor

Kirewa, Tororo,
Uganda.
9 Machi 2025

Mwanangu mpendwa Patricia,

Kwa heshima na upendo nakuamkia huko Doha, nikitumaini kwamba kifua kilichokusumbua kimepoa na kwamba waajiri wako wanakuachia nafasi ya kupumzika. Sisi tu wazima. Mvua imeanza, na maharage yameota vizuri.

Kuhusu ombi lako la makadirio ya uzio wa waya wa cheni linki, nakuarifu kwamba kazi ya kupima imekamilika. Tangu Syprose, muuza samaki, amkute mama yako akitembea peku kando ya barabara ya Malaba, malori yakimpita, hatuna utulivu. Najua unaogopa watu watasema umemfungia mzazi kama ng'ombe. Usijitese, mwanangu. Wasemao hivyo hawajawahi kumtafuta mvuani.

Juma lililopita mimi na fundi Ikwap tulipigilia vigingi na kuvuta kamba. Kwa nia ya kuokoa waya, tuliipitisha nyuma ya jiko, tukaliacha nje kaburi la marehemu baba yako. Hesabu ikawa roli tano za waya na nguzo thelathini. Mama yako, ambaye siku hizi hata jina langu halimjii, alisimama akatutazama.

"Nyinyi, mzee munaacha nje?"

Ikwap, kwa mzaha wake, akamjibu, "Mama, huyu haendi mahali."

"Kama haendi, weka yeye ndani. Mimi natoka kila siku kutafuta yeye."

Ikwap aliweka nyundo chini. Nami nikakumbuka kwamba marehemu kaka yangu, baba yako, alikuwa akirudi kutoka kazini Malaba kwa barabara hiyo hiyo.

Tuling'oa vigingi, tukapima upya. Kaburi likiwa ndani, zahitajika roli saba za mita kumi na nane, nguzo arobaini na mbili zitakazosimama kila baada ya mita tatu, lango moja, waya wa kukazia na wa kufungia, saruji, mchanga na kokoto. Naomba kwa unyenyekevu uridhie nyongeza hiyo. Ikiwa ni nzito kwako, tutaanza na upande wa barabara.

Kamba tumeiacha ilipo. Kila asubuhi mama yako huifuata, akiipapasa kwa fimbo, mpaka kaburini. Hapo hukaa akamenya viazi. Hajaivuka bado. Hata hivyo siiamini kamba, maana mbuzi wa jirani wameanza kuitafuna.

Dada yako Babra na shangazi yako Anjeline wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu. Lango tutalielekeza barabarani, ili siku utakayorudi mama yako akuone kabla hujabisha hodi.

Nikupendaye daima,
baba yako mdogo,
Jonan Oboth