Polisi wa Jumamosi Jioni

Baba,

Umeme umefika Yamumbi. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu ni wewe uliyehangaika na betri miaka yote ile, ukiifunga kwenye keria ya baiskeli na kuipeleka mjini Eldoret ikachajiwe. Sasa tunabonyeza tu ukutani. Televisheni ni ile ile. Mama amekataa ibadilishwe.

Lakini wale polisi wako hawaonyeshwi tena. Hakuna aliyetangaza. Jumamosi moja tuliwasha tukakuta kwaya, na Jumamosi iliyofuata kwaya tena. Mama akauliza, "Kwani wamehamishwa?" Utadhani ni askari wa kweli waliopewa transfa ya Garissa.

Nikiwaeleza watoto wangu, hawaelewi. Wananiuliza kama kulikuwa na mapigano. Hapana. Kuna mtu aliuawa? Hapana. Ilikuwa sinema ya zamani ya Wazungu, haina rangi, sajini mnene na koplo mwembamba katika mji mdogo ambako mwizi mkubwa ni mwizi wa bata. Gari lao likikataa kuwaka, mwizi mwenyewe anashuka kusaidia kulisukuma. Mwishowe kila mtu anaenda kwake kula. Watoto wanasema haina maana. Mimi nawaambia, mngemsikia babu yenu akiitafsiri.

Ulipostaafu tukatoka kwenye nyumba za laini za polisi, ulianza kutengeneza baiskeli mbele ya duka la Mzee Njoroge. Lakini Yamumbi nzima ilijua ulikotoka. Wanaume waliokuwa wakiongea siasa walikuona unakuja wakaanza kuongea habari ya mvua. Miaka hiyo hakuna aliyetaka maneno yake yafike mahali. Nakumbuka ukimwambia Mama, "Mimi nikikohoa tu, watu wanaaga."

Televisheni ndiyo iliyowaleta. Walianza wanawake na watoto, halafu Mzee Njoroge mwenyewe akaja na kiti chake. Ulisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi kama mwalimu, na sajini akifungua mdomo, wewe unasema kwa sauti nzito, "Pole, mama. Kaa chini kwanza, unywe chai, halafu utueleze huyo bata ni wa rangi gani." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilipofika sekondari ndipo nilipojua kwamba sajini hakusema hivyo. Alikuwa amesema tu, "Ndiyo, nini tena?" Ile pole na ile chai zilikuwa zako. Nikakuuliza siku moja ukikaza spoku, "Baba, mbona unaongeza?"

"Siongezi," ulisema. "Narekebisha. Hivyo ndivyo tulivyopaswa kusema."

Ukaendelea na spoku zako. Mimi naona utamu wa sinema ile ulikuwa hapo. Polisi anaingia nyumbani mwa mtu na hakuna anayetetemeka.

Halafu Mwangi akachukuliwa. Yule mwana wa Mzee Njoroge, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walimtoa mbele ya darasa lake mchana, watu wasiovaa yunifomu. Ilisemekana aliongea vibaya juu ya chama akiwa kwenye hoteli mjini. Wengine walisema hata hakuongea. Jumamosi hiyo ulipanga viti kama kawaida na hakuja mtu. Hakuna aliyekuambia usoni kwamba ni wewe uliyepeleka maneno, ila Mzee Njoroge alikuambia utafute mahali pengine pa baiskeli zako. Ulizima televisheni sajini akiwa katikati ya maneno.

Jumatatu ulitoa kabuti lako la zamani, ukapiga viatu rangi. Mama akasimama mlangoni. "Baba Adhiambo, sisi utatuacha na nani?"

"Naenda kuuliza tu. Kuuliza si kosa."

Ulijua vizuri kwamba miaka hiyo lilikuwa kosa.

Ulipitia dukani ukamwambia mama yake Mwangi, "Mama, chukua leso yako twende." Mama yake Mwangi akatoka nyuma ya kaunta akakufuata. Hayo mengine ni yeye aliyenisimulia, maana wewe hukuwahi. Stesheni ya kwanza mlifukuzwa. Ya pili mlikalishwa kwenye benchi hadi jioni, mpaka askari mmoja kijana akakuuliza kama unataka kulala ndani wewe pia.

"Afande," ulimjibu, "nikilala ndani, huyu mama atakuja kutuulizia sisi wote wawili. Afadhali umwambie leo."

Akawaambia Mwangi yuko Nakuru. Mlienda Nakuru, na blanketi na shati safi. Vitu vikapokelewa. Hapo ndipo mama yake alipojua kwamba mtoto yuko hai, akakaa chini palepale kwenye changarawe akalia.

Mwangi alirudi baada ya miezi kadhaa, amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Kazi ya ualimu hakurudishiwa. Jumamosi moja akaja kwetu na baba yake, na nyumba ikajaa tena. Bahati mbaya siku hiyo sajini alikuwa amemfungia mtu seli, anampelekea uji. Fimbo ikabaki juu. Sisi sote tukamwangalia Mwangi, na yeye anaangalia televisheni.

"Mzee," akasema polepole, "anasemaje?" Na anajua Kiingereza kutushinda sote.

Ukasafisha koo. "Anasema... anasema samahani, leo uji hauna sukari."

Mwangi akacheka. Baba yake akacheka baada yake, akajifuta uso kwa kofia. Kesho yake Mzee Njoroge alibeba sanduku lako la spana mwenyewe, akalirudisha mbele ya duka.

Kifua kilipokushinda, ni pikapu ya Mzee Njoroge iliyokupeleka nyumbani Siaya. Alikataa mtu mwingine aendeshe. Pale kaburini Mwangi aliombwa aseme machache. Akasimama akasema, "Huyu alikuwa polisi." Halafu akakaa. Watu walingoja aendelee, hakuendelea, na mimi sikuona kilichobaki kusemwa.

Mama yuko sawa. Magoti yanamsumbua wakati wa baridi. Sisi wengine tunakukumbuka kwa vipande. Mimi ni asubuhi, nikisikia kengele ya baiskeli. Inanipata vibaya, halafu inapita.

Desemba tutakuja kukujengea kaburi kwa saruji. Kijana wangu mkubwa atakuja pia. Anasema akimaliza shule anataka kuandikishwa polisi. Sijamkataza, Baba. Nakuahidi nitamkalisha nimweleze habari zako zote, ile ya bata na ile ya Nakuru, nisifiche kitu, ndipo aamue.

Basi pumzika.

Binti yako,
Adhiambo