Mfereji wa Aikande

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako hajambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Umeuliza kama huku Kilema tumewahi kuwa na mwanamke mashuhuri wa kuandikwa. Umenitonesha kidonda.

Alikuwepo shangazi yangu, Aikande. Nilikuwa msichana, tunatoka naye kukata majani ya ng'ombe, tukakuta wanaume wanachimba mfereji na maji yamegoma kwenye mwamba. Mila ilimkataza mwanamke kukanyaga pale. Shangazi akasimama migombani, akampigia kaka yake kelele: "Pitisheni juu ya mwamba, siyo chini!" Wakamcheka, kisha wakapitisha palepale. Maji yanatiririka mpaka leo.

Mfereji ukapewa jina la nani? La kaka yake! Wanaume wazima, wanamwagilia kahawa kwa akili yake, jina lake wamelimeza.

Leo ni sikukuu ya mfereji. Wazee wamekuja kwangu kunywa mbege, nami nimekalia mfuniko wa pipa. Nimewaambia sitamtekea mtu kabla hajamtaja Aikande.

Mpaka naandika haya, wote wana kiu.

Bibi yako