Mama, Nilimdanganya Zainabu Kuhusu Kisamvu

Mama,

Zainabu alikuja hapa kijijini Ziwani wiki iliyopita, na mpaka leo nina kinyongo. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani nikimsema mdogo wangu, watu wananiona nina roho mbaya. Labda ninayo.

Tangu tukuzike, kitanda chako nimekihamishia chumbani kwangu, na mikorosho imeanza kutoa maua. Ila mwanao wa Dar es Salaam sasa ni mtu mkubwa. Chuoni kwao wanachunguza mboga za majani, kisamvu, mchicha, majani ya maboga, kwa ajili ya ugonjwa ule ule uliokuchukulia macho. Anasema ndani ya kijani cha majani imejificha rangi ya njano, na rangi kama hiyo ipo nyuma ya jicho, pale katikati panapochakaa mtu akizeeka. Wanataka kujua kama kuila kunaweza kuuchelewesha ugonjwa, au siku moja hata kuutibu.

"Bado hatujui," alisema. Watu waliojaa barazani kwa mjomba wakamshangilia kana kwamba amesema wanajua.

"Huyo ndiye binti wa marehemu!"

Mama, nilikuwa nimesimama pale pale, na sinia la vikombe mkononi.

Unakumbuka daktari alivyotuambia mjini? Kwamba si mtoto wa jicho, hakuna cha kupasua. Ulibaki ukiona pembeni tu. Ilikubidi uutazame ukuta ndipo unione mimi. Miaka minne nilikutwangia kisamvu karibu kila siku, na hakuna aliyeniambia kina rangi ya njano. Nilipika kwa sababu ulikipenda.

Na kila nilipokuwekea sahani uliuliza, "Zainabu kapiga simu?"

Siku moja, karibu na mwisho, ulinishika uso kwa viganja viwili ukasema, "Zai, mwanangu, umekuja." Sikukusahihisha. Nilijibu, "Nimekuja, Mama." Ukala ukamaliza, ukacheka, ukaniombea dua ndefu kwa jina lake. Nilikwenda kuosha vyombo nikavirudia mara mbili, ili usinisikie nalia. Dua zile, Mama, hata leo sijui ni za nani.

Basi Zainabu alifungua daftari akaniuliza, "Dada, kisamvu cha Mama ulikuwa unakipikaje?"

"Maji na chumvi tu," nikasema. Nilitaka nibaki na kitu kimoja ambacho yeye hana.

Akaandika. Halafu kalamu ikasimama.

"Maji na chumvi? Mama yetu huyu? Si angekirudisha jikoni!" Akanieleza kwamba mafuta ndiyo yanayousaidia mwili kuichukua ile rangi, ndiyo maana anauliza.

Nikamwambia ukweli: tui la nazi, na korosho mbichi nilizoziponda mwenyewe. Na kwa kuwa nilishaanza kusema kweli, nikamwambia na lile la jina.

Nilidhani atafoka. Aliuliza tu, "Alifurahi?"

"Alifurahi sana."

"Mimi sikuweza kuja, dada. Asante kwa kumpa siku hiyo."

Akalia, nami nikalia. Lakini sitakuficha, Mama: hata nilipokuwa nimemkumbatia nilimwonea wivu. Siku ile nayo aliichukua.

Kabla ya kuondoka alinisihi nikapime macho, kwamba ugonjwa huu hupenda kufuata ukoo, nami nimeshapita hamsini. Nikamkatalia. Sikutaka aniagize.

Juzi asubuhi nilikuwa napepeta mchele, nikainua uso, nikaona mwimo wa mlango umepinda. Nikafumba jicho la kulia, ukanyooka. Nikafumba la kushoto, ukapinda tena. Nikaweka ungo chini. Nilikaa hapo mpaka kuku wakaja wakala ule mchele, wala sikuwafukuza.

Nilimpigia yeye. Sikumwaza mtu mwingine. Hakuniambia "si nilikuambia." Alisema tu, "Nakuja, dada."

Alhamisi ananipeleka kliniki ya macho mjini. Amenieleza kuwa nitawekewa dawa ya matone, na nitatoka pale nikiona ukungu kwa saa kadhaa. Naogopa, Mama. Wewe uliogopa? Hukuwahi kuniambia, nami nilikuwa na hasira sana na Zainabu hata sikukuuliza. Nisamehe hilo.

Siwezi kukuahidi kwamba wivu nitauacha. Nitakuwa nakudanganya na wewe. Naahidi hili moja: Alhamisi tukitoka nje, jua likinichoma macho, Zainabu akininyooshea mkono, nitaushika.

Kaburi lako nimelipalilia jana. Pumzika, Mama yangu.

Mwanao wa kwanza,
Somoe