Cheti cha Auleria

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimerudi kutoka boma mikono mitupu. Karani hataki maneno yangu. Anasema kumvusha mtoto Ruvuma, kwenda kwa Wareno, lazima cheti kionyeshe ni wa nani na kazaliwa wapi. La sivyo askari wa mpakani watamzuia. Binti yangu Auleria ana miaka sita. Tangu mama yake afariki, mie nikiwa Kurasini kupakua meli, hushinda kwa jirani, Mwamvita. Naye Mwamvita anahamia Kilwa mwisho wa mwezi. Nyumbani, ng'ambo ya Ruvuma, mama yangu anamsubiri mjukuu.

Jumatano, 5 Agosti
Cheti cha ubatizo nimekipata sandukuni. Afadhali nisingekiona! Mahali pa baba kaandikwa Albano. Nilisahau kabisa. Siku ile ya ubatizo mtoto anawaka homa, mie nimo ndani ya meli. Rafiki yangu Albano ndiye aliyembeba kanisani. Padre akakataa kubatiza bila baba kuwepo. Albano akasema baba ni yeye. Tulicheka sana wakati ule.

Nimekwenda misheni. Wanasema kitabu cha ubatizo hakibadilishwi mpaka Askofu aandike. Miezi! Stima ya Lindi inaondoka Jumanne.

Jumamosi, 8 Agosti
Shauri la Albano: aende boma yeye kama baba, aniruhusu mie, rafiki yake, nimpeleke mtoto. Akatania: "Basi hata mahari yake nitakula mie!" Sikucheka. Auleria tumemfundisha jioni nzima kusema baba ni Albano. Mwamvita kakasirika, kaacha chungu jikoni: "Nyie wanaume! Mtoto mnamvuruga." Kweli. Lakini njia nyingine sina.

Jumatatu, 10 Agosti
Boma. Karani mwingine, ashukuriwe Mungu. Akainama: "Binti, baba yako yupi hapa?" Auleria akanitazama. Muda mrefu — nikaangalia sakafu. Kisha akamwonyesha Albano kwa kidole. Muhuri ukagongwa. Albano akashukuru. Mie nikapokea barua ya ruhusa.

Jumanne, 11 Agosti
Gatini. Bado hatujapanda. Cheti na barua ya ruhusa nimevifunga kitambaani, viko kifuani. Auleria kakaa juu ya furushi. Tangu jana haniiti chochote. Nimemwuliza kama ana njaa, katikisa kichwa tu.

Sasa hivi kaniuliza: Wareno wakitaka kujua baba yake nani, atasema Albano. Na bibi akiuliza je?

Wameanza kuita majina.