Baba, Nimesoma Vitabu vya Wachawi

Kwako Baba,

Ungekuwa hai, habari hii ingekunyima usingizi: mwaka huu nimesoma vitabu vitatu vya uchawi, na bado naenda kanisani kila Jumapili.

Kile cha kwanza kabisa maishani mwangu unakikumbuka. Nilikuwa darasa la saba, nimekiazima kwa rafiki pale Chepilat. Wewe, mzee wa kanisa, uliona mwanamke mwenye macho mekundu kwenye jalada, ukakitia motoni bila kufungua hata ukurasa mmoja. Kumbe ni moto uleule ambao Mama alikuwa anachomea vijiti vya mti wa senetwet, vya kusugulia vibuyu vya maziwa. Akachukua makaa bila kujua, akasugua, akamimina maziwa. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, ilipoiva ndipo ukakumbuka, ukakataa kuonja. Ulisema wachawi wamo humo ndani. Mama akakujibu, "Basi wewe kunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Sisi tutakunywa na wachawi wetu." Tulikunywa wiki nzima na hakuna aliyeota mkia.

Nilicheka, lakini nilikukasirikia. Tangu siku hiyo vitabu vyangu nilivificha ndani ya kikapu cha kuchumia majani chai, na pamoja navyo nikakuficha mambo mengine mengi. Mpaka unaugua, mimi na wewe tulikuwa tunaongea habari za ng'ombe na mvua tu. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa mjukuu wako Cherono ana miaka kumi na mitatu. Likizo iliyopita nilikuta vitabu vitatu chini ya godoro lake. Sikufichi, mkono uliniwasha kuvipeleka jikoni. Niliogopa kumpoteza jinsi wewe ulivyonipoteza mimi, basi nikakaa nikavisoma.

Kimoja ni cha mapepo na mishumaa. Ni kibaya, Baba, ila si kwa sababu ulizodhani. Mwandishi anamwaga damu kila ukurasa kwa kuwa hajui kuumba mtu tukamjali. Nilisinzia. Cha pili kinajifanya kufundisha watoto kuita mizimu, na hapo nilikuwa upande wako kabisa. Kinamwahidi mtoto nguvu juu ya wenzake, nami sipendi kitabu kinachomwambia mtoto kwamba hahitaji watu. Cha tatu kina binti anayepoteza kumbukumbu moja kila anapotumia uchawi wake. Alipokubali kusahau sauti ya mama yake ili amwokoe ndugu yake, nililia mpaka ugali ukaungua. Sikuona shetani humo. Niliona mtu anayependa.

Niliviweka vyote mezani, nikamweleza Cherono maoni yangu. Alibisha sana kuhusu kile cha mapepo, akaniita mshamba. Kile cha mizimu alikichukua tu, akaenda zake. Siku kadhaa akawa ananijibu kwa mkato, nami nikajilaumu kwa nini sikunyamaza.

Jumamosi nikiwa nachambua managu, alikuja mwenyewe na kitabu kile mkononi. Alisimama kidogo, kisha akasema, "Mum, hii niliijaribu. Niliogopa sana, na sikujua nitaambia nani."

Nilisukuma mboga kando, nikamwambia aniambie mimi. Akaniambia yote, Baba, akiwa ameniegemea begani.

Lala salama. Hasira nimeimaliza.

Binti yako